Sandarusi, Kaharabu na Mifupa ya Tendaguru

Jua, ewe msomaji, ya kwamba sandarusi na kaharabu asili yao ni moja, nayo ni utomvu wa mti uliokauka. Watu wa Mrima walikuwa wakiichimba sandarusi mchangani, pahala ambapo misandarusi ilikwisha kutoweka, ikauzwa Unguja kwa ajili ya vanishi. Mara nyingine ndani yake huonekana mdudu, mzima kwa mbawa zake, na mwenye kumwona akadhani amepata kitu cha mamilioni ya miaka. Sivyo. Sandarusi ya pwani umri wake ni mamia ya miaka, au maelfu. Ukiitia tone la spiriti hunata kidoleni. Kaharabu ya kweli hainati, kwa kuwa imelala chini ya ardhi dahari nyingi hata ikawa ngumu mfano wa jiwe. Basi habari za misitu ya kale sana huulizwa kaharabu.

Katika bonde la Hukawng, nchi ya Burma, hupatikana kaharabu ya miaka milioni 99 hivi. Mwaka 2016 wataalamu walieleza kipande chenye sehemu ya mkia wa dinosaria mdogo, pamoja na manyoya yake yaliyo kama ya ndege. Mwaka 2017 wakaeleza kingine chenye kupe aliyenaswa pamoja na unyoya wa dinosaria. Mfupa mtupu usingaliweza kueleza hayo, maana manyoya huoza upesi, na kupe hana mfupa.

Lakini utomvu hunasa vidogo tu. Habari za wakubwa zimo mifupani, na iliyo mashuhuri ni ya kilima cha Tendaguru, bara ya Lindi, yapata miaka milioni 150. Wadachi waliichimba tangu mwaka 1909 hata 1913. Msimamizi wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, ambaye jina lake lastahili kutajwa kuliko litajwavyo, nao wapagazi wakachukua mizigo kwa vichwa na mabega hata Lindi, tani zaidi ya 200, ikapakiwa merikebuni kwenda Berlin. Huko mmoja wao amesimamishwa, kimo chake mita 13 na zaidi.

Na ajabu haikuwa ukubwa peke yake. Tabaka zenye mifupa zimepishana na tabaka za mchanga wenye makombe ya bahari. Ndipo ikajulikana ya kwamba palikuwa pwani, maji yakija na kurudi zama baada ya zama. Chavua iliyobaki udongoni yaonyesha miti ya jamii ya misonobari. Miguu mingine ilikutwa imesimama wima, ishara ya kuwa mnyama alizama topeni akafa papo hapo.

Lau mtu atauliza, "Je, wanyama wa Tendaguru nao walinyonywa na kupe?" jawabu yake ni kwamba kaharabu ya Burma haiwezi kuwatolea ushahidi. Kati ya wale na hawa pana miaka milioni 50, na nchi zao ni mbalimbali. Shahidi husikizwa kwa alilolishuhudia. Mwenye kukusanya mdudu wa huku na mfupa wa kule, akachora msitu mmoja, amechora msitu ambao haukuwapo.