Afya ya Familia: Homa ya Mgunda Yatufundisha Kutunza Viumbe



Mwezi huu tujifunze juu ya ugonjwa uliofika mlangoni kwetu, na juu ya wajibu wetu kwa ardhi na wanyama. Wengine watauliza: mambo ya wanyama na misitu yanahusu nini ukurasa wa afya? Someni mpaka mwisho, mtaona.

Yaliyotokea Ruangwa

Mwezi Julai 2022 wagonjwa wenye dalili za kutisha walifika kituo cha tiba huko Mbekenyera, wilayani Ruangwa. Walikuwa na homa, kichwa kiliwauma, mwili ulichoka, na damu iliwatoka puani. Watu waliingiwa na hofu. Vipimo vilionyesha kuwa si Ebola, si Marburg, wala si Uviko. Kabla mwezi haujaisha Wizara ya Afya ilitangaza kwamba ni homa ya mgunda, ambayo wataalamu huiita leptospirosisi. Walihesabiwa wagonjwa 20, na 3 kati yao walifariki dunia. Tuwaombee pumziko la milele.

Sisi watu wa kusini jina hilo si geni kwetu. Mgunda ni shamba. Ni homa ya shambani, mahali ambapo mkulima, panya na maji ya mvua hukutana.

Ugonjwa huu huenezwaje?

Vijidudu vyake hukaa katika figo za wanyama, hasa panya, lakini pia ng'ombe, nguruwe, mbuzi, mbwa na wanyama wa porini. Mnyama anaweza kuonekana mzima kabisa, kumbe mkojo wake una vijidudu. Mkojo ukiingia katika maji au udongo wenye unyevu, vijidudu huishi humo hata majuma kadhaa. Pakavu penye jua hufa upesi.

Mtu huambukizwa anapokanyaga maji hayo akiwa na kidonda au mchubuko, yanapomwingia machoni, puani au mdomoni, au anapokula chakula kilichokojolewa na panya. Ni nadra sana mtu kumwambukiza mtu. Kwa hiyo msimkimbie mgonjwa.

Dalili huanza mara nyingi baada ya juma moja au mawili: homa ya ghafla, kichwa kuuma, misuli kuuma hasa ya ndama za miguu, macho kuwa mekundu, kutapika. Ugonjwa ukizidi, macho huwa ya manjano, mkojo hupungua, na damu huweza kutoka. Mama mjamzito anaweza kupoteza mimba.

Nami sina budi kukiri jambo moja. Kwa miaka mingi nilipompokea mgonjwa wa homa nilimwuliza habari ya mbu na chandarua. Habari ya panya sikumwuliza. Dalili za mwanzo zafanana mno na malaria, na wengi hufika kwetu wakiwa wamekwisha kumeza dawa za malaria nyumbani siku tatu au nne. Siku hizo ni za thamani kubwa. Dawa za homa ya mgunda zipo, kama penisilini na doksisaikilini, na husaidia zaidi zikianza mapema. Lakini zisinunuliwe dukani kwa kubahatisha. Nenda zahanati, upimwe malaria, na umweleze mganga: "Nimelima bondeni," au "Nyumbani kuna panya wengi." Neno hilo moja laweza kuokoa maisha.

Bustani tuliyokabidhiwa

Kitabu cha Mwanzo, sura ya 2, chatufundisha kwamba Mungu alimweka mtu bustanini akampa kazi mbili: kulima na kutunza. Sisi kulima twakujua sana. Je, kutunza?

Historia ya Nachingwea yenyewe ni funzo. Kuanzia mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilileta matingatinga kufyeka pori hapa, na pia Kongwa na Urambo, ili kulima karanga. Walianza bila kuijua vizuri ardhi wala mvua zake. Mwaka 1951 mpango ukaachwa, na hasara ikafika karibu pauni milioni 36. Ardhi haikubali kulazimishwa.

Lakini tusiwacheke Waingereza. Kila kiangazi sisi wenyewe twachoma mapori. Mmoja asafisha shamba, mwingine awinda panya wa kitoweo, na moto ukishawashwa hauna mwenyewe. Huunguza mikorosho ya jirani, mizinga ya nyuki na makinda ya ndege. Panya waliosalia hutafuta pengine pa kula na kulala, na mara nyingi ni ghalani mwetu.

Tena twaua walinzi wetu. Bundi akilia juu ya paa, vijana humpiga mawe kwa kuwa eti ni ndege wa wachawi. Ndugu zangu, bundi ni kiumbe cha Mungu, na chakula chake ni panya. Anayemwua bundi kwa hofu ya uchawi awaachia panya nafasi ya kuzaana.

Katekisimu ya mwaka 1992 yafundisha kwamba twaweza kuwatumia wanyama kwa chakula na kazi, lakini kuwatesa au kuwaua bila sababu ni kinyume cha heshima ya mwanadamu. Na mwaka 2015 Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato Si', alitukumbusha kwamba kilio cha ardhi na kilio cha maskini havitengani. Hapa kwetu twaona hivyo wazi: anayekanyaga maji machafu bila viatu ni maskini.

Mbwa naye ni jirani

Mithali 12 husema kuwa mtu mwenye haki hujali uhai wa mnyama wake. Mbwa asiyelishwa wala kuchanjwa huzurura, naye akipata kichaa huwauma watoto. Mwaka 2010 ulianza mradi mkubwa wa kuchanja mbwa katika mikoa ya kusini mashariki, Lindi na Mtwara ikiwamo. Chanjo hairithiwi, kila mtoto wa mbwa ahitaji yake. Mtu akiumwa, kidonda kioshwe kwa maji mengi na sabuni dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo kwa chanjo. Dalili za kichaa zikishatokea, karibu kila mgonjwa hufa.

Tufanye nini nyumbani?

1. Funika maji na chakula. Chemsha maji ya kunywa.

2. Vaa viatu vya mpira bondeni na katika mpunga. Funga vidonda kabla ya kwenda shambani.

3. Nafaka iwekwe juu ya kichanja, mbali na chumba cha kulala. Takataka zifukiwe.

4. Banda la mifugo liwe safi na kavu, mbali na kisima. Wanyama wakitoa mimba ovyo, mwite bwana mifugo.

5. Anayekula panya wa porini asimchune akiwa na kidonda mkononi. Anawe kwa sabuni, na nyama iive vizuri.

6. Sumu ya panya isitupwe ovyo, kwani huua pia paka, kuku na bundi, na yaweza kumwua mtoto. Na madumu ya dawa za mikorosho yasitumike kamwe kuchotea maji.

7. Usichome pori. Fyeka, na majani yaoze yawe mbolea.

Ndugu, tunapoungama twazoea kutaja ugomvi na uongo. Je, umewahi kuungama moto uliouwasha ukateketeza shamba la mjane? Mungu atatuuliza pia habari za bustani yake.

Maswali kwa Jumuiya Ndogondogo

(a) Kijijini kwetu ni nani huwasha moto, na kwa nini? Tutazungumza naye vipi bila ugomvi?

(b) Kisima chetu kiko umbali gani na mabanda ya mifugo?

(c) Ni mbwa wangapi wa jumuiya yetu wamechanjwa mwaka huu?

Mungu awabariki nyote na kuwalinda. Tuonane toleo lijalo.