Kabla ya Kununua Kiwanja: Maswali Sita ya Kujiuliza



Tangu nilipostaafu kazi ya kufundisha katika chuo cha ualimu, waalimu wenzangu wanaokaribia kustaafu hunijia jioni na swali lile lile: "Mwalimu, nikipata kiinua mgongo, ninunue kiwanja nijenge nyumba ya kupangisha?"

Swali ni jema. Sisi tulioanza kazi miaka ya 1980 tulikuta Azimio la Arusha la 1967 likimkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha, na masharti hayo yalilegezwa Zanzibar mwaka 1991. Basi wengi wetu hatukujifunza jambo hili tukiwa vijana. Twalianza uzeeni, tena kwa fedha ambayo haipatikani mara ya pili.

Kabla sijafundisha, yafaa niungame kosa langu. Nilipolipwa kiinua mgongo nilionyeshwa kiwanja kizuri, karibu na barabara. Muuzaji alikuwa kijana mpole, naye alisema ni urithi wa marehemu baba yake. Mke wangu aliniuliza usiku ule: "Mwalimu, na dada zake wamesemaje?" Nikamjibu kwamba hayo ni mambo ya ukoo wao. Nililipa fedha yote. Baada ya miezi minane dada wawili walikuja na barua ya mahakama ya usimamizi wa mirathi. Kaka yao hakuwa na mamlaka ya kuuza, na fedha alikuwa amekwisha kuitumia. Kwa huruma yao waliniachia nusu ya kiwanja. Nusu nyingine ndiyo ada niliyolipa kwa somo hili. Ninyi lipokeeni bure.

Swali la kwanza: Je, anayeuza ana haki ya kuuza? Ikiwa ni mali ya urithi, mwombe barua ya mahakama inayomtaja msimamizi wa mirathi, kisha uonane na warithi wote. Ikiwa muuzaji ana ndoa na nyumba ni ya familia, Sheria ya Ndoa ya 1971 haimruhusu kuiuza bila ridhaa ya mwenzake. Usikubali kuambiwa kwamba mama yuko safarini. Msubiri arudi.

Swali la pili: Je, ninanunua kitu gani hasa? Katika Tanzania ardhi yote ni ya umma, na Rais ni mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Tunachonunua ni haki ya kuitumia. Hati ya kumiliki ardhi hutolewa kwa muda, kwa mfano miaka 33, 66 au 99. Basi tazama imebaki miaka mingapi, na masharti ya matumizi yanasemaje. Leseni ya makazi ni kitu kingine, nayo ni ya miaka michache tu. Ardhi ya kijiji ina Sheria yake, Na. 5 ya 1999. Huko usinunue bila Halmashauri ya Kijiji kuhusishwa na kukubali.

Swali la tatu: Je, nimehakikisha kwa macho na kwa daftari? Kwa macho, nenda na mpima ardhi, mzitafute bikoni zote na kuzilinganisha na ramani. Waulize majirani nani hulima pale, na maji ya masika hupita wapi. Kwa daftari, chukua namba ya kiwanja na ya kitalu, ukaombe upekuzi katika ofisi ya Msajili wa Hati. Huko utajua jina la mmiliki, na kama kuna rehani ya benki au zuio. Muhuri wa mwenyekiti wa mtaa ni ushahidi mzuri wa mauziano, lakini si hati.

Swali la nne: Je, sheria inaruhusu kujenga hapo? Sheria ya Barabara ya 2007 iliongeza hifadhi ya barabara kuu na za mikoa hadi mita 30 kila upande, kutoka katikati ya barabara. Sheria ya Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka kingo za mito na maziwa. Kiwanja kilicho karibu na lami hupendeza machoni, lakini chukua kamba upime. Kisha omba kibali cha ujenzi kabla ya kuchimba msingi.

Swali la tano: Je, hesabu inakubali? Tufanye mfano wa ubaoni. Tarakimu ni za kufundishia tu. Nyumba ya familia mbili imegharimu shilingi 36,000,000 pamoja na kiwanja. Kila familia hulipa 100,000 kwa mwezi, yaani 2,400,000 kwa mwaka. Toa miezi miwili ya nyumba kukaa tupu, 400,000: zinabaki 2,000,000. Toa kodi ya mapato ya pango, asilimia 10, yaani 200,000. Toa matengenezo 250,000, na kodi ya ardhi na ya majengo 50,000. Zinabaki 1,500,000. Gawanya 36,000,000 kwa 1,500,000: miaka 24. Aliyejenga akiwa na miaka 60 atarudishiwa fedha yake akiwa na miaka 84.

Sisemi tusijenge. Nyumba ni akiba nzuri, na watoto watairithi. Lakini anayedhani atakula pango mwaka ujao, na apige hesabu hii kwanza. Anza na vyumba viwili vilivyokamilika, upate mpangaji. Nyumba kubwa iliyoishia kwenye lenta ni pagala, nalo halilipi kodi.

Swali la sita: Je, nikiugua kesho, nitakula nini? Nyumba haiuziki kwa siku moja. Tenga kwanza fedha ya matibabu na ya chakula, ambayo haitaguswa hata fundi akilia kwamba saruji imepanda bei. Wala usiweke rehani nyumba unayolala ili kujenga ya kupangisha.

Yakiisha maswali sita, andikianeni mkataba mbele ya wakili, pamoja na mashahidi wa pande zote mbili, na fedha ipite benki. Someni Yeremia sura ya 32. Nabii alinunua shamba kwa binamu yake, ndugu wa damu. Hata hivyo alipima fedha mbele ya mashahidi, akatia sahihi hati, na hati ikahifadhiwa katika chombo cha udongo. Kuandikiana si dalili ya kutoaminiana. Ni kulinda undugu usije ukavunjika.

Maswali ya kujadili nyumbani:

1. Je, mwenzi wako anajua hati au karatasi za kiwanja chenu ziko wapi?
2. Je, ardhi ya marehemu wazazi wenu ina msimamizi aliyeteuliwa na mahakama?
3. Piga upya hesabu ya swali la tano kwa bei za mtaani kwenu. Ni miaka mingapi?

La kwanza lijibuni usiku huu huu. Mimi mke wangu aliniuliza swali moja tu, na sikumsikiliza.