Dinari Mia Si Pesa Kidogo

Somo: Mathayo 18:21–35

Wengi wetu tukisoma mfano huu tunadhani lile deni la dinari 100 lilikuwa kitu kidogo tu. Hapana. Dinari moja ilikuwa malipo ya kibarua kwa siku nzima. Dinari 100 ni zaidi ya miezi mitatu ya jasho! Kwa hivyo Yesu hasemi uchungu wako ni bure. Yule aliyekula pesa za chama, au ndugu aliyekunyang'anya shamba, alikuumiza kweli.

Lakini angalia deni la kwanza: talanta 10,000. Talanta moja ilikuwa kama dinari 6,000. Ungefanya kazi maisha yako yote, hungelimaliza. Na mfalme alilifuta lote!

Kusamehe si kusema hakuna deni. Ni kusema, "Deni liko, lakini sikukabi koo tena." Unaweza kumsamehe mtu na bado usimrudishie ufunguo wa sanduku la chama.

Wiki hii, mtaje kwa jina ukiomba, umwombee mema (Mathayo 5:44). Ukishindwa leo, jaribu tena kesho. Amina?