SOMO LA KUMI NA NNE: SAHIHI YA BARUA PEPE KATIKA SIMU YA MKONONI

Je, umepata kuona barua iliyoandikwa kwa mkono na kutumwa ofisini? Itazame sehemu ya chini. Hapo utaona jina la mwandishi, cheo chake, na aghalabu muhuri wa ofisi yake. Mtu anayeipokea barua hiyo hutazama chini kwanza, kabla hata ya kusoma habari yenyewe, kwa sababu anataka kujua ni nani anayesema naye.

Barua pepe nayo huwa na sehemu kama hiyo. Mistari michache inayowekwa mwishoni mwa barua pepe ili kumtambulisha mwandishi huitwa sahihi. Wengine husema saini. Sahihi hii haiandikwi kwa wino. Mwandishi huiandika mara moja tu katika simu yake, kisha programu ya barua huiweka yenyewe chini ya kila barua mpya anayoituma.

Katika somo lililopita ulijifunza jinsi mawimbi ya redio yanavyotoka katika simu na kufika kwenye mnara. Barua pepe husafiri kwa njia hiyo hiyo. Kutoka mnarani hupita katika nyaya au katika nyuzi za kioo hadi kwenye kompyuta kubwa iitwayo seva. Seva ya mtumaji huipeleka kwa seva ya mpokeaji, nayo huitunza hadi mwenyewe atakapoifungua, kama vile sanduku la posta linavyotunza barua. Mtu wa kwanza kutuma barua ya namna hii kutoka kompyuta moja kwenda nyingine kwa njia ya mtandao alikuwa Ray Tomlinson, huko Marekani, mwaka 1971. Kompyuta zake mbili zilikuwa katika chumba kimoja! Yeye ndiye aliyechagua alama ya @ itenganishe jina la mtu na jina la kompyuta yake.

Barua isiyo na mwenyewe

Tuseme pampu ya kisima cha kijiji imeharibika. Katibu wa kamati ya maji anaandika barua pepe kwa simu yake kwenda katika duka la vipuri mjini Dar es Salaam. Anaandika hivi: "Tunaomba bei ya mipira ya pampu. Tunaihitaji upesi." Chini ya maneno hayo hakuandika kitu. Simu yenyewe imeongeza mstari mmoja wa Kiingereza unaosema kwamba barua imetumwa kutoka simu ya aina fulani.

Karani wa duka anaipokea barua. Anataka kuuliza pampu ni ya aina gani, maana mipira hutofautiana. Angempigia katibu simu na kumaliza jambo hilo kwa dakika mbili, lakini hana namba. Hajui barua imetoka kijiji gani, wala mwandishi ni nani. Anajibu kwa barua pepe, na katibu yuko mahali ambapo mawimbi ya mnara hayafiki. Siku tatu zinapita. Siku hizo zote akina mama na watoto wanachota maji ya mto, na maji hayo si safi.

Je, katibu angeandika nini chini ya barua yake? Jadili na mwenzako kabla ya kuendelea kusoma.

Mambo yanayofaa kuwemo

Sahihi ya kazi yafaa iwe na mistari mitatu au minne. Tazama mfano huu:

JINA LA KATIBU
Katibu, Kamati ya Maji
Kijiji cha Mfano
Simu: +255 700 000 000

Mstari wa kwanza ni jina kamili, si jina la utani. Wa pili ni cheo, na wa tatu ni mahali pa kazi. Wa nne ni namba ya simu. Hakuna haja ya kuandika tena anwani ya barua pepe, kwa kuwa imekwisha kuonekana juu ya barua. Wapo watu wapendao kuongeza methali, maua na rangi nyingi. Hayo yanafaa katika kadi ya sikukuu, lakini karani mwenye barua hamsini mezani anatafuta jina na namba tu.

Namba ya simu inahitaji uangalifu. Ndani ya Tanzania mtu huandika 0700 000 000. Sifuri ya mwanzo huiambia mitambo ya simu ya hapa nchini kwamba namba kamili inafuata. Mtu aliye Nairobi au Muscat akiipiga namba hiyo jinsi ilivyo, haitafika Tanzania. Kwa hiyo tunaiondoa sifuri na kuweka mahali pake alama ya kujumlisha pamoja na namba ya nchi. Namba ya Tanzania ni 255, ya Kenya ni 254, ya Uganda ni 256, ya Burundi ni 257, na ya Rwanda ni 250. Namba iliyoandikwa hivyo hupigika popote duniani. Zaidi ya hayo, simu nyingi huitambua, na msomaji akiigusa kwa kidole huweza kupiga papo hapo.

JARIBIO LA 1: Kuupima uzito wa sahihi

Vifaa: daftari na kalamu.

Kompyuta hutunza kila herufi kwa alama nane za 0 na 1. Kila alama moja huitwa biti, na biti nane ni baiti moja. Herufi A, kwa mfano, ni 01000001. Nafasi kati ya maneno nayo ni baiti moja, na nukta vilevile. Mwisho wa mstari katika barua pepe huchukua baiti mbili.

Hesabu herufi, alama na nafasi zote za sahihi iliyo hapo juu. Andika hesabu ya kila mstari pembeni.

Umepata ngapi? Mstari wa kwanza una 14, wa pili 22, wa tatu 16, na wa nne 22. Jumla ni 74. Ongeza baiti mbili kwa kila mwisho wa mstari, yaani 8. Sahihi yote ni baiti 82. Ni kitu chepesi sana.

Sasa andika neno ng'ombe. Lina alama saba, nalo ni baiti saba iwapo alama ya king'ong'o imeandikwa wima. Lakini baadhi ya simu huibadilisha alama hiyo zenyewe na kuifanya iliyopinda, nayo iliyopinda huchukua baiti tatu peke yake. Hapo neno lile lile huwa baiti tisa. Jambo hili si kubwa, ila programu za zamani zikikutana na alama iliyopinda pengine huonyesha takataka mahali pake. Mwenye jina au kijiji chenye ng' na aijaribu sahihi yake kwanza.

JARIBIO LA 2: Kwa nini picha hunenepa safarini

Watu wengi huweka picha ya nembo katika sahihi zao. Tuone jambo linaloipata picha hiyo.

Kanuni za kupeleka barua pepe zilizoandikwa mwaka 1982 zilikusudiwa kubeba herufi tu. Picha si herufi. Mwaka 1992 wataalamu walikubaliana njia ya kuivunja picha vipande vipande na kuivisha nguo ya herufi ili ipite. Njia hiyo tutaifanya kwa mbegu.

Vifaa: punje 17 za mahindi na mbegu 7 za maharage. Punje ya mahindi ni 0. Mbegu ya haragwe ni 1.

Zipange mbegu mezani katika mafungu matatu ya nane nane, kwa mpangilio huu:

01000001   01000010   01000011

Hizo ni baiti tatu. Tuzichukulie kuwa ni kipande kidogo cha picha. Sasa, bila kubadili mfuatano wa mbegu, zitenganishe upya katika mafungu ya sita sita:

010000   010100   001001   000011

Je, yamekuwa mafungu mangapi? Manne. Kila fungu lisome kama hesabu: kuanzia kushoto, nafasi sita zina thamani ya 32, 16, 8, 4, 2 na 1. Penye haragwe, hesabu thamani ya nafasi hiyo. Penye hindi, iache. Utapata 16, 20, 9 na 3.

Ukihesabu herufi za Kiingereza kwa kuanza A ni 0, B ni 1, C ni 2, utaona kwamba 16 ni Q, 20 ni U, 9 ni J, na 3 ni D. Kipande chako cha picha sasa kinasafiri kama herufi QUJD. Simu ya mpokeaji itafanya kinyume chake na kuipata picha tena.

Angalia sana jambo hili: baiti tatu zimekuwa herufi nne, na kila herufi ni baiti moja. Kwa hiyo picha ya baiti 60,000 itasafiri kama baiti 80,000. Gawanya 80,000 kwa 82. Utaona kwamba picha hiyo moja ni nzito kuliko sahihi 970 za maneno. Nayo hutumwa katika kila barua, hata barua ya kusema "Ahsante, nimepokea." Mahali ambapo mawimbi ni hafifu na kifurushi cha intaneti hununuliwa kidogo kidogo, barua ya maneno huondoka upesi, na yenye picha hubaki ikizunguka.

Jinsi ya kuiweka katika simu

Mwalimu wako ataonyesha kwa simu yake. Wewe fuata hatua na kuziandika; wanafunzi hawaleti simu shuleni.

Katika simu yenye programu ya Gmail, fungua programu na uguse mistari mitatu iliyo juu pembeni. Teremka hadi chini, penye mipangilio. Chagua akaunti ya barua, kisha tafuta mahali palipoandikwa sahihi ya simu. Andika mistari yako na kuthibitisha. Katika iPhone, hufunguliwa mipangilio ya simu yenyewe, kisha sehemu ya barua, na sahihi iko karibu na mwisho. Hapo ndipo panapokaa ule mstari wa Kiingereza usemao barua imetoka iPhone. Ufute kabla ya kuandika wako. Majina ya sehemu hizi hubadilika kidogo programu inapofanywa upya, hivyo usikate tamaa ukiona pametofautiana.

Baada ya kuiandika, ni lazima kuijaribu. Tuma barua kwa mtu aliye karibu, uitazame katika simu yake wala si katika yako. Je, mistari imekatika mahali pabaya? Je, namba ikiguswa inapiga? Sahihi iliyowekwa katika simu kwa Gmail haiendi yenyewe katika kompyuta ya ofisi. Huko huwekwa nyingine.

Sahihi hukaa katika simu na akaunti, haimfuati mtu. Kamati ikichagua katibu mpya na kumkabidhi simu ile ile, barua zake zitaendelea kutoka kwa jina la katibu wa zamani hadi mtu atakapokumbuka kuibadilisha. Nayo mabadiliko hayarudi nyuma. Barua zilizokwisha kutumwa hubaki na jina la kwanza, kama karatasi iliyokwisha kutiwa wino.

Sahihi si ushahidi

Mtu yeyote aweza kuandika jina lolote na cheo chochote chini ya barua pepe. Simu haimuulizi. Kwa hiyo, barua ikisema "Mimi ni meneja wa benki, nitumie namba yako ya siri," sahihi nzuri iliyo chini yake haithibitishi neno lolote. Anayetaka uhakika huenda mwenyewe benki, au hupiga namba anayoijua tangu awali, si ile iliyo katika barua hiyo.

Kwa sababu hiyo hiyo, usiweke katika sahihi namba ya kitambulisho cha taifa, tarehe ya kuzaliwa, wala mahali nyumba ilipo. Barua hupelekwa mbele na watu wengine, na sahihi huenda nayo hadi kwa wasiojulikana.

MASWALI

1. Andika katika daftari sahihi ya mkunga wa zahanati ya kijiji. Isizidi mistari minne. Kisha hesabu baiti zake, ukikumbuka mwisho wa kila mstari.

2. Fundi aliye Kampala ana namba 0700 000 000. Iandike ili mteja aliye Dodoma aweze kuipiga.

3. Nembo ya shule ni picha ya baiti 90,000. Itasafiri ikiwa na baiti ngapi? Katika barua kumi zitakuwa ngapi?

4. Zipange mbegu zako kuwa 01000011 01000010 01000001. Zitenganishe sita sita na utafute herufi nne zinazopatikana. Je, ni zile zile za mwanzo?

5. Muulize mtu mzima anayetumia barua pepe akuonyeshe sahihi yake. Je, karani asiyemjua angeweza kumpigia simu leo?