Pazia la Kuonwa kwa Mbali: Somo kutoka kwa Wachoraji wa Majukwaa

Wanachuo wenzangu, sisi wa ualimu tunafundishwa kuanza na kinachojulikana ndipo tuende kwa kisichojulikana. Basi tuanze na albamu ya picha ya nyumbani. Familia nyingi zina picha ya babu au shangazi aliyepigwa studio miaka ile. Nyuma yake kuna bahari na minazi, au ndege inapaa, au ngazi za kasri ambalo halijawahi kuwepo mjini kwetu. Yote yale yalichorwa kwa mkono kwenye kitambaa. Studio ina muhuri wake nyuma ya picha. Aliyechora pazia je? Hajulikani.

Leo tumwangalie fundi wa kazi inayofanana na hiyo, aliyeifanya kwa ukubwa zaidi na mbali na hapa: mchoraji aliyezunguka Marekani kuanzia miaka ya 1870 hadi 1920 hivi, akichora mapazia ya majukwaa ya maigizo. Hoja yangu ni moja. Fundi huyu hakulipwa kwa sababu ya kujua kuchora tu. Alilipwa kwa kujua kazi yake itaonekanaje kwa mtu aliyekaa mbali, rangi ikishakauka na taa zikishawashwa.

Kazi ilitoka wapi?

Mwaka 1869 reli iliunganisha mashariki na magharibi ya Marekani. Miji midogo ikachipuka kando ya njia za reli, na kila mji ukataka ukumbi wake. Kumbi nyingi ziliitwa jumba la opera hata kama opera yenyewe haikuimbwa humo. Neno "tamthilia" lilikuwa na sifa mbaya kwa watu wa dini, wakati "opera" lilisikika la heshima. Mambo ya majina hayo, hata sisi tunayajua.

Kampuni za maigizo zilisafiri kwa treni, leo hapa, kesho mji unaofuata. Hazikuweza kubeba kila kitu, kwa hiyo zilitegemea kukuta mapazia ya kawaida ukumbini: sebule, jiko, gereza, msitu, bustani na mtaa. Msitu mmoja ulitumika kwenye maigizo mengi, leo wapendanao wanakutana humo, kesho majambazi wanajificha humohumo.

Mapazia hayo yalipatikana kwa njia mbili. Njia ya kwanza, karakana kubwa kama Sosman & Landis ya Chicago iliyachora, ikayaviringisha na kuyatuma kwa treni. Njia ya pili, mchoraji mwenyewe alishuka stesheni na brashi zake na rangi zake, akapanga chumba, akatundika kitambaa palepale ukumbini na kuanza kazi.

Kwenye jiko la rangi

Rangi yake haikutoka dukani ikiwa tayari. Alikuwa na rangi za unga, chaki, maji, na gundi iliyotengenezwa kwa ngozi za wanyama. Gundi iliyeyushwa jikoni na kuwekwa vuguvugu, maana ikipoa inaganda. Siku za joto ilioza, na harufu yake acha tu. Ikizidi, rangi inapasuka na kubanduka. Ikipungua, rangi inageuka vumbi na kuwachafua waigizaji. Hakukuwa na maelezo kwenye kopo. Mwanagenzi alijifunza kwa kukaa na fundi: kuosha ndoo, kusaga rangi, kuchemsha gundi, kupaka kitambaa gundi nyepesi ili kisinywe rangi. Brashi ya maana aliikabidhiwa baadaye.

Mistari mirefu ilipigwa kwa uzi uliopakwa chaki au mkaa, kama mafundi ujenzi wetu wanavyofanya hadi leo. Nakshi zinazojirudia zilitobolewa matundu kwenye karatasi, kisha unga wa mkaa ukapigwapigwa juu yake ili alama zipite hadi kwenye kitambaa.

Ugumu wenyewe ulikuwa hapa: rangi hii ikikauka inapauka sana. Bluu unayoiona kwenye ndoo siyo bluu watakayoiona watazamaji. Isitoshe, ukipitisha brashi mara nyingi, maji yanayeyusha rangi ya chini na vyote vinakuwa tope. Kwa hiyo fundi alipaswa kujua anachotaka kabla hajagusa kitambaa, kisha apige mara moja na kuendelea.

Mstari wa nyuma

Ukilisogelea pazia la aina hiyo, unaweza kudhani aliyelichora hajui kazi. Jani la mti ni doa tu. Nguzo ya marumaru ni michirizi mitatu: mmoja wa mwanga, mmoja wa kivuli, mmoja wa katikati. Rudi nyuma hatua thelathini, nguzo inasimama na majani yanatikisika.

Taa nazo zilikuwa na mambo yake. Mwanga wa gesi una umanjano ambao mwanga wa mchana hauna. Rangi iliyopendeza saa nne asubuhi ingeweza kufifia au kubadilika usiku, na umeme ulipoingia, hesabu zikabadilika tena. Fundi mzuri alichora akiwa na mtazamaji wa kiti cha mwisho kichwani mwake, na si kwa ajili ya jicho lake mwenyewe lililo karibu na kitambaa.

Hela, jina na hatari

Nani alilipa? Mara nyingi wafanyabiashara wa mji. Katikati ya pazia la mbele kulichorwa ziwa au mji wa Venice, na pembeni vikapangwa visanduku vya matangazo: duka la dawa, muuza viatu, hata mtengeneza majeneza. Kila mwenye kisanduku alitoa chake. Mchoraji ambaye pengine hakuwahi kufika Venice aliichora kwa watu ambao nao hawakuwahi kufika, kwa hela ya muuza viatu.

Jina lake kwa kawaida halikuwekwa, na pale lilipowekwa lilikuwa dogo kwenye kona. Baadhi ya rangi zilikuwa sumu: kijani chenye aseniki, njano yenye risasi, na unga wake ukivutwa puani kila siku. Moto nao ulikuwa karibu. Tarehe 30 Desemba 1903, moto ulianzia kwenye pazia jukwaani katika ukumbi wa Iroquois, Chicago, ukaua watu zaidi ya 600. Masharti ya usalama wa kumbi yakakazwa baada ya hapo. Mwaka 1918 wachoraji walikuwa na chama chao, United Scenic Artists, ambacho bado kipo.

Filamu zilipokuja

Kisha ikaja sinema. Jumba la opera likatundika kitambaa cheupe mbele ya msitu uliochorwa, na filamu moja ikaonyeshwa miji mingi bila waigizaji kulala hotelini. Filamu za sauti zilipoanza kushika soko baada ya 1927, na uchumi ukaanguka mwaka 1929, kumbi nyingi ndogo hazikuwa na sababu tena ya kumwita mchoraji.

Lakini si wote waliozama. Thomas Moses, aliyezaliwa Liverpool mwaka 1856 na kufariki mwaka 1934, alianza kazi Sosman & Landis mwaka 1880 na kuishi kwa brashi karibu maisha yake yote. Maigizo ya kuzunguka yalipodorora, karakana yao ilikuwa tayari inachorea kumbi za ibada za Masoni mahekalu, majangwa na mapango. Mapazia ya karakana hiyo kwenye ukumbi wa Scottish Rite wa Santa Fe, uliofunguliwa mwaka 1912, bado yanatundikwa. Soko lilihama. Jicho la kiti cha mwisho likahama nalo.

Sisi tunachukua nini?

Tunaelekea mazoezi ya kufundisha. Kila mwaka tunaandaa zana kwenye manila na viroba, tunazipamba vizuri mezani hosteli, halafu darasani mtoto wa dawati la mwisho haoni hata kichwa cha habari. Zana ile ilitengenezwa kwa ajili ya mkaguzi anayesimama karibu. Mtoto wa nyuma alisahauliwa.

Na tukihitimu, soko litabadilika pia. Programu zitaandaa maandalio ya somo, video zitaeleza mada. Anayejua tu kuandaa kitu kionekane kizuri kwa karibu ataondolewa mapema. Anayeweza kukaa kichwani mwa mwanafunzi wa mbali, akajua somo litakavyompauka kabla hajalifundisha, huyo ana kitu cha kuhama nacho.

Maswali ya kujadili

1. Chukua zana moja uliyotengeneza muhula huu. Iweke ukutani, rudi hatua kumi na tano. Nini kimebaki?
2. Mwanagenzi alijifunza kwa kukaa na fundi kwa miaka. Wiki chache za mazoezi ya kufundisha zinatutosha? Tudai nini kwenye kikao kijacho cha serikali ya wanafunzi?
3. Katika mtaa wenu nani alichora pazia la studio, ukuta wa shule au kibao cha duka? Mtafute, muulize alijifunzaje, na uliandike jina lake kwa ruhusa yake.