Kabla hujabonyeza Hifadhi, iangalie picha ya kitambulisho chako

Tuseme unauza chapati na maharagwe Chaani, pale malori ya kontena yanapopita kutwa. Madereva wanataka kulipa kwa simu, nawe umechoka kuchanganya pesa za biashara na za nyumbani kwenye laini moja. Unaomba till. Unajaza fomu mtandaoni, unapiga picha kitambulisho mbele na nyuma, unapakia, unabonyeza Hifadhi. Baadaye meseji inaingia: picha haisomeki, tuma ombi upya. Na wateja bado wanauliza, "Mama, till yako namba ngapi?"

Mara nyingi kasoro hiyo ingeonekana mapema. Ukishachagua picha, fomu inakuonyesha kwanza. Wengi hupita mbio hapo wakidhani imeshatufikia. Bado. Picha unayoiona inasomwa na brauza kutoka ndani ya simu yako mwenyewe, ndiyo maana hutokea haraka hata siku mtandao unavuta, na kuiangalia hakuli bando. Inasafiri pale tu unapobonyeza Hifadhi. Kwa hivyo ukikuta umechagua picha ya mtoto, au skrinishoti ya meseji ya benki, gusa Ondoa uchague nyingine. Sisi hatujaiona.

Lakini kuitupia jicho tu hakutoshi. Picha ikipunguzwa ienee kwenye skrini huonekana safi hata kama ina ukungu. Weka vidole viwili juu yake uivute mpaka nambari zikue. Kwenye kitambulisho cha plastiki ambacho wengi wetu bado tunacho, upande wa mbele una nambari mbili juu: ya kadi yenyewe, iliyoandikwa Serial Number, na ya kwako, ID Number. Tunayotaka kwenye fomu ni ya pili. Zilinganishe tarakimu moja moja na ulichoandika, hasa 3 na 8, au 1 na 7. Kisha hakikisha pembe zote nne zinaonekana. Upande wa nyuma, ile mistari ya herufi na vialama iliyo chini kabisa isikatwe; watu huiona kama pambo, kumbe ina nambari zako na tarehe ya kuzaliwa.

Doa jeupe katikati? Hiyo ni flashi, au jua la mchana likipiga kwenye plastiki. Zima flashi, sogea kivulini mlangoni mwa kibanda, laza kadi kwenye kitambaa cha rangi moja, piga tena. Na usitumie picha uliyojitumia WhatsApp mwezi uliopita: ikitumwa kama picha ya kawaida hupunguzwa ubora, na herufi ndogo ndizo huumia kwanza.

Ikiwa picha imelala ubavu, si lazima uwe uliipiga vibaya. Simu huhifadhi picha pamoja na maelezo ya upande upi ni juu. Brauza nyingi kubwa zimekuwa zikiyafuata yenyewe tangu 2020. Za zamani zaidi huyapuuza. Izungushe kwenye galari, hifadhi, uichague upya.

Selfi nayo ina vituko vyake. Baadhi ya simu hugeuza picha ya kamera ya mbele kama kioo, maandishi yakasomeka kinyume. Uso peke yake hauna shida, lakini ukitakiwa kushika kitambulisho mkononi, nambari zilizogeuka hazitusaidii. Mpe mtu unayemwamini akupige kwa kamera ya nyuma.

Jambo moja kwa wanaojaza fomu saiba au kwenye simu ya mtu. Kitufe cha Ondoa kinaitoa picha kwenye fomu peke yake. Ile uliyoihamishia kwenye kompyuta bado imekaa pale pale, na anayefuata kwenye kiti hicho anaweza kuifungua. Ukimaliza, ifute kwenye folda, uifute tena kwenye kapu la taka, kisha toka kwenye akaunti yako. Kama uliituma kwa WhatsApp ya mhudumu, mwambie aifute mbele yako kabla hujamlipa.