Mahindi Mazito ya Maziwa, Bila Krimu ya Dukani

Ukitafuta kwenye simu namna ya kupika mahindi ya krimu, utaambiwa ununue mkebe wa mahindi matamu, kopo la krimu na vijiko viwili vya unga wa ngano. Msomaji wa Kirotshe, kando ya Ziwa Kivu, anaweza kufunga simu hapo hapo, akidhani hicho ni chakula cha hoteli za Goma. Asifunge. Mahindi matamu ya mkebe ni aina inayobaki na sukari nyingi na wanga kidogo, ndiyo maana mpishi wa Marekani huongeza unga ili mchuzi ushike. Mahindi yetu hupandwa kwa ajili ya unga. Wanga umo tayari ndani ya punje, umeulipia siku ulipolipia mahindi. Kazi iliyobaki ni kuutoa.

Kila kitu huanza na umri wa hindi. Huku kandokando ya Ziwa Kivu mahindi mabichi hujaa sokoni mara mbili kwa mwaka: yale yaliyopandwa Septemba huanza kuonekana karibu na Noeli, na yale ya Februari au Machi hufika Mei na Juni. Vilimani Masisi, kwenye baridi, huchelewa zaidi, na hiyo ni bahati ya mpishi, kwa sababu yakiisha Bweremana bado utayapata yakiteremka kutoka juu. Usinunue kwa kuangalia ukubwa. Fungua ganda kidogo, uone kama ndevu zimekauka na kuwa za kahawia, kisha bonyeza punje moja ya katikati kwa ukucha. Yakitoka maji yasiyo na rangi, hindi ni changa mno, halitashika. Yakitoka maziwa meupe, hilo ndilo lako. Kama ukucha unaingia kwa shida na ndani mna kitu cha kunata mfano wa donge, chukua hata hivyo, lakini moja au mawili tu kwa ajili ya kukwaruza, maana hayo ndiyo yatakayoleta uzito. Ukucha ukigonga na kurudi, muachie mchoma mahindi wa barabarani.

Yakishavunwa, sukari yake huanza kugeuka wanga, na joto huharakisha jambo hilo. Hindi lililolala siku mbili kwenye gunia juani halina utamu tena, hata ukiliongezea sukari. Nunua asubuhi, upike siku hiyo hiyo, na usiyaambue mpaka moto uwe umewashwa.

Kwa watu watano au sita, mahindi sita ya ukubwa wa kawaida yanatosha. Manne uyakate punje kwa kisu kikali, hindi likiwa limesimama ndani ya bakuli pana ili punje zisiruke. Usikate hadi kwenye gunzi; acha kina kidogo. Halafu geuza kisu, utumie mgongo wake kukwangua gunzi kutoka juu hadi chini, kwa nguvu. Rojo nyeupe inayotoka hapo ndiyo krimu yenyewe, na wapishi wengi huitupa pamoja na gunzi bila kujua. Mahindi mawili yaliyobaki uyakwaruze yote kwa kikwaruzo cha karoti. Kama huna, kipande cha bati lililotobolewa kwa msumari hufanya kazi ile ile, ila lipige brashi na maji ya moto kwanza, na angalia vidole.

Magunzi usiyape mbuzi bado. Yavunje vipande viwili viwili, yafunike kwa maji, yachemshe dakika ishirini. Maji hayo yana utamu na harufu ya hindi, na yatachukua nafasi ya kube ya supu, ambayo kwa maoni yangu huharibu chakula hiki kabisa. Mbuzi atapata magunzi yake baadaye.

Sasa moto. Makala ni mazuri kwa bugali na kwa maharage, lakini kwa maziwa ni makali kupita kiasi, hivyo toa baadhi ya makala kwenye mbabula au yafunike kwa majivu mpaka uweze kuweka kiganja juu kidogo ya sufuria bila kukitoa upesi. Sufuria nyembamba huunguza haraka. Kama unayo nzito, ndiyo siku yake. Kaanga kitunguu kimoja kilichokatwa kidogo kidogo katika kijiko cha siagi au mafuta, kilainike tu, kisibadilike rangi. Mawese hapa hapana: ni matamu, lakini yatameza ladha ya hindi na kila kitu kitakuwa chekundu. Weka zile punje zilizokatwa, mimina kikombe kimoja na nusu cha maji ya magunzi, funika dakika kumi hadi kumi na tano, mpaka punje ilainike lakini iendelee kuwa punje.

Ndipo uweke rojo na mahindi yaliyokwaruzwa, pamoja na kikombe cha maziwa yaliyokwisha kuchemshwa na ambayo bado ni ya moto. Kuanzia hapa mwiko hautoki mkononi. Wanga wa mahindi huanza kuvimba na kushika kwenye nyuzi sabini hivi, chini kabisa ya mchemko, kwa hiyo huna haja ya kutokota kwa fujo. Koroga taratibu ukikwangua chini ya sufuria, na ndani ya dakika nane utaona mabadiliko: maji yanaacha kukimbia, mwiko unaacha njia nyuma yake. Ondoa motoni kabla hujafikia uzito unaoutaka, kwa sababu kitaendelea kukaza kikipoa. Chumvi huja mwishoni, na pilipili mbichi nzima inaweza kuogelea humo tangu mwanzo kwa harufu tu, ilimradi isipasuke.

Maziwa ndiyo yanayowashinda watu, na mara nyingi kosa halitokei kwenye sufuria, hutokea asubuhi. Maziwa yanayoteremka vilimani kwa bidoni juu ya pikipiki yamekaa saa kadhaa kwenye joto. Yakianza kuchachuka hata kidogo, kwenye kikombe hutayaona, lakini yakikutana na moto yatakatika, na utakuwa na mahindi yenye mabonge na maji ya kijani kijani. Jaribu kijiko kimoja tu kwenye kikaango kabla ya kuchemsha yote. Kikikatika, maziwa hayo yaache yagande, yatanywewa hivyo. Nyanya nayo ina uchachu. Wanaotaka nyanya waiweke kwenye mboga nyingine ya pembeni. Na kuchemsha mpaka yapande si ustaarabu wa mjini: maziwa mabichi ya ng'ombe yanaweza kubeba brusela na kifua kikuu.

Kuna kitu ambacho Masisi inacho na ambacho wapishi wa pwani wangetuonea wivu: foromaji. Jibini ile ya mviringo, ya njano iliyopauka, laini kidogo ndani, inayotoka kwenye malisho ya juu na kuuzwa Sake na Goma, huyeyuka vizuri sana kwenye mahindi. Ikwaruze kiasi cha ngumi ndogo. Lakini iingie sufuria ikiwa imeshatoka motoni, na chumvi isiwe imewekwa bado, kwa kuwa jibini ina yake. Ukiitia kwenye mahindi yanayotokota itavutika nyuzi ngumu na kuachia mafuta juu, na hapo hakuna dawa.

Siyo kila siku maziwa na foromaji vinapatikana. Vita vilivyopita kwenye barabara ya Minova na Sake mwanzoni mwa 2025 viliwakuta wafugaji wengi ambao ng'ombe wao walikwisha kuporwa mara kadhaa katika miaka ya nyuma, na bei ya maziwa hufuata hali ya barabara. Kwa hiyo ni vizuri kuzijua njia zisizomtegemea ng'ombe. Iliyo bora kwetu ni karanga. Kaanga karanga bila kuziunguza, zisage zilainike, kisha chukua vijiko vitatu vikubwa, uvifungue kwa maji ya moto ya magunzi kwenye bakuli kabla ya kuvitia sufuriani. Karanga iliyotiwa kavu hufanya mabonge ambayo mwiko hauyavunji. Acha ichemke na mahindi dakika kumi, mpaka mafuta yaanze kuonekana pembeni. Majani machache ya lengalenga yaliyokatwa yakiingia dakika mbili za mwisho, una mboga kamili.

Pwani ya Mombasa, Lamu na Unguja, kazi hiyo hufanywa na nazi, na wenyeji wana utaratibu ambao sisi wa maziwa tungefaa kuuiga. Tui jepesi hutangulia na kupikwa na mahindi. Tui zito husubiri mwisho, hukorogwa bila kufunikwa, na likichemka kidogo sufuria hutolewa. Likiachwa litokote sana hukatika, kama maziwa yetu. Huko Brazil nako hukwaruza mahindi mabichi, huyachuja na kuyapika na maziwa na sukari mpaka yagande yawe kitindamlo. Mahindi yametoka Amerika, na watu wa huko walijua zamani kwamba hindi bichi hujishikisha lenyewe.

Mabichi yakiisha sokoni, yanabaki makavu, nayo pia hulainika, ila kwa subira. Mpungure tunazifahamu wote: punje kavu na maharage kwenye sufuria moja, jirani wa kande za Tanzania na githeri ya Kenya. Ili ziwe laini na nzito badala ya kutafunwa kwa kazi, lazima ganda la punje liondoke. Nyunyizia mahindi maji kidogo, yatwange kwenye kinu bila kuyavunja, yapepete; Wakamba wa Kenya hufanya hivyo kwa muthokoi wao. Kisha yalowe usiku kucha.

Halafu usishangae yakichelewa kuiva kuliko kitabu kinavyosema. Ziwa Kivu liko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, na kwa kimo hicho maji huchemka kwenye nyuzi 95. Ukipanda vilimani kupita mita 2,000, ni 93. Kuongeza makala hakupandishi joto la maji, kunamaliza makala tu. Kinachosaidia ni kifuniko kizito chenye jiwe juu yake, na muda: saa tatu ni kawaida. Yakishaiva, chota robo yake, uiponde kwa mwiko au kwenye kinu, uirudishe sufuriani na kikombe cha maziwa ya moto au karanga iliyofunguliwa. Dakika kumi za kukoroga, na mchuzi uliokuwa maji utakuwa umeshika.

Kabla ya kuloweka, chambua. Punje yenye ukungu wa kijani, kijivu au mweusi usiihurumie, wala usiipe kuku. Sumu ya ukungu wa mahindi haiuawi na kuchemsha, hata kwa saa tatu.

Mahindi haya ni ya pembeni, si ya katikati. Nisingeyaweka kwenye sahani moja na bugali, ingawa wapo wanaofanya hivyo na wanashiba. Wanga juu ya wanga hulala tumboni. Yanapendeza na sambaza zilizokaangwa zikakauka, kwa kuwa chumvi na ule ukakasi wa samaki hukata ulaini wa maziwa. Yanapendeza pia na nyama ya mbuzi ya kuchoma, na sombe isiyo na mafuta mengi. Kwa mtoto anayeanza kula, toa sehemu yake kabla ya chumvi na pilipili, uiponde zaidi.

Yakibaki, yatakaza mpaka uweze kuyakata kwa kisu. Siku hiyo hiyo, yafungue kwa maziwa ya moto kidogo kidogo juu ya moto mdogo. Maji matupu huyafanya yapoteze ladha. Yenye maziwa yasilale nje usiku kama huna friji. Yale ya karanga yakilala, yachemshe mpaka yatokote kabla ya kuyala asubuhi, na yakiwa na harufu ya kuchachuka, yamwage.